Pori Lenye Karani

Wapandaji wawili wako katikati ya ukuta wa El Capitan, jabali kubwa la hifadhi ya Yosemite, California, kamba zimekaza, vidole vimejaa chaki. Ghafla mwili wa mwanamke unaporomoka kutoka juu, unanasa kwenye kamba zao na nusura uwashushe wote hadi bondeni. Ndivyo inavyofunguka Untamed, tamthilia ya upelelezi ya sehemu sita iliyotoka Netflix Julai 2025. Nakiri kwamba nilishika mkono wa kiti. Kwa ufunguzi wa hadithi ya mauaji, sijaona wa kushinda huo kwa muda mrefu: maiti haikuokotwa kichakani na mtu anayetembeza mbwa, bali imewaangukia watu ambao hawana pa kukimbilia.

Miezi mitano kabla ya hapo kitu kingine kilikuwa kimening'inia kwenye mwamba huohuo. Jioni ya tarehe 22 Februari 2025, watumishi wa hifadhi ya Yosemite waliteremsha bendera kubwa ya Marekani juu ya ukuta ule ikiwa imepinduliwa, juu chini, chini juu, ishara ya zamani ya chombo kilicho hatarini. Bondeni walikuwapo mamia ya watu na kamera zao, maana siku hizo chache za Februari jua la machweo huyapiga maporomoko ya Horsetail na maji yakawaka rangi ya moto. Watu walikuja kupiga picha ya maji, wakapata na picha ya bendera. Wiki moja nyuma serikali ilikuwa imewaachisha kazi kwa mkupuo watumishi wapatao 1,000 wa idara ya hifadhi za taifa.

Picha hizo mbili, mwili na bendera, zimegoma kuachana kichwani mwangu. Ya kwanza inasema hifadhi ni pori lisilo na mwenyewe, mahali ambapo mtu anaweza kufa na mlima ukanyamaza. Ya pili inasema hifadhi ni mahali pa kazi, pana waajiriwa, mishahara, zamu na barua za kufukuzwa. Untamed inauza picha ya kwanza, ikianzia kwenye jina lake, linalomaanisha kitu ambacho hakijafugwa. Lakini kila inaponoga kweli, ukiangalia vizuri utakuta imeteleza na kuingia kwenye picha ya pili.

Kwa ambaye hajaiona: waandishi ni Mark L. Smith na binti yake Elle Smith. Eric Bana ni Kyle Turner, mpelelezi wa tawi la upelelezi la idara ya hifadhi za taifa, mtu mkimya anayekuja kwenye eneo la tukio juu ya farasi. Sam Neill ni Paul Souter, mkuu wa askari wa hifadhi na rafiki yake wa siku nyingi. Lily Santiago ni Naya Vasquez, askari mgeni aliyetoka polisi ya Los Angeles na mtoto mdogo mkononi, na Rosemarie DeWitt ni Jill, aliyekuwa mke wa Turner. Muuaji simtaji, ingawa aliyewahi kusoma hadithi tatu za aina hii atakuwa na jina mdomoni kufikia sehemu ya nne.

Cha kwanza walichokipatia ni kwamba wapelelezi hao wapo kweli. Watu wengi, hata Wamarekani wenyewe, walidhani mwandishi amejitungia idara. Tawi hilo lipo na limekuwepo kwa miaka, na makachero wake wote ni makumi machache tu kwa maeneo zaidi ya 400 yaliyo chini ya idara: milima, majangwa, fukwe, makaburi ya vita. Wanashughulika na mauaji, ubakaji, wizi wa vitu vya kale, uchomaji moto, watu waliopotea. Kachero mmoja anaweza kuwa na jalada la maiti kwenye korongo moja na jalada la vyungu vilivyochimbwa kwa wizi kwenye jingine, na kati ya majalada hayo pana safari ya siku nzima kwa gari.

Cha pili, na hapa ndipo penye utamu wenyewe, ni habari ya mamlaka. Yosemite iko California, lakini jinai iliyotendwa ndani ya mipaka yake ni ya serikali ya shirikisho peke yake. Sherifu wa kaunti jirani hana kauli humo. Hifadhi ina hakimu wake, ina mahakama yake ndogo palepale bondeni, ina hata mahabusu. Mtu anayelewa na kupigana kambini usiku wa Jumamosi anaweza kulala ndani na kusomewa shtaka bila kutoka kwenye mandhari ya kadi za posta.

Mstari huo wa mpaka si jambo la wanasheria tu. Mwaka 1999 wanawake wanne waliuawa na mtu mmoja, fundi wa matengenezo kwenye loji huko El Portal, nje kidogo ya lango la magharibi. Watatu wa kwanza, watalii waliokuwa wageni wa loji hiyo, waliuawa Februari nje ya hifadhi. Wa nne, mwalimu wa mazingira, aliuawa Julai ndani ya hifadhi. Kwa sababu ya mstari ambao mtu akipita kwa gari haoni chochote zaidi ya kibao, muuaji huyo alishtakiwa katika mifumo miwili. Mahakama ya shirikisho ilimpa kifungo cha maisha kwa yule mmoja baada ya kukiri. Mahakama ya jimbo ilimhukumu kifo mwaka 2002 kwa wale watatu.

Na jinsi alivyokamatwa inafaa kuwekwa mezani kwa kila anayetaka kuandika tamthilia ya aina hii. Alikuwa amehojiwa mapema na kuachwa, fundi mpole wa hapohapo. Mwezi Juni wapelelezi wa FBI walisema hadharani wanaamini wahusika wakuu tayari wako ndani kwa makosa mengine. Mwezi uliofuata mwanamke wa nne akafa. Kilichomwangusha hakikuwa nyayo kwenye matope wala ndege aliyeruka kichakani wakati mbaya. Watu waliliona gari lake karibu na nyumba ya marehemu, gari la zamani lenye rangi mbili, la aina ambayo haikuwa kila mahali. Siku chache baadaye alikuwa mikononi mwa dola.

Untamed nayo ina gari, ina simu iliyofungwa kwa nenosiri, ina alama ya mchoro mwilini. Lakini moyo wake uko kwingine. Inampenda Turner anapochuchumaa na kuusoma udongo kama mzee anayesoma gazeti. Anagusa jani lililovunjika na kuwaambia wenzake binti alikimbilia wapi. Anateremka kwa kamba hadi kwenye maiti iliyoning'inia badala ya kusubiri ipandishwe, na hapo anaanza kuyasoma majeraha ya marehemu. Onyesho hilo limejengwa vizuri, sikatai. Mtu yuko mamia ya mita juu ya ardhi, upepo unampiga, na bado anafanya kazi ile ile ya daktari wa mochwari, hatua kwa hatua. Pori limebadilisha namna ya kufanya kazi, na hilo ndilo ninalolitafuta kwenye hadithi za aina hii.

Tatizo ni kwamba baada ya hapo pori linaacha kudai malipo. Yosemite ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 3,000, na zaidi ya asilimia 94 ya eneo hilo imetengwa kisheria kuwa nyika isiyo na barabara. Turner anaikata kwa farasi kana kwamba anatoka sebuleni kwenda jikoni. Asubuhi yuko mgodini, mchana yuko kwa mtuhumiwa msituni, jioni yuko mlangoni kwa Jill na nguo hazina hata vumbi. Redio ya upepo inashika kila anapoihitaji na inakatika pale mwandishi anapoihitaji ikatike. Ukweli wa kazi hii ni kinyume: umbali ndio adui wa kwanza, na wa pili ni wakati.

Juni 1983 familia moja iliyokuwa matembezini Summit Meadow, ndani ya Yosemite, iliokota mabaki ya mkono wa binadamu. Miaka mitano baadaye likapatikana fuvu, si mbali na hapo. Jalada likakaa. Wapelelezi wakastaafu, wengine wakalirithi. Jina la mwanamke huyo lilikuja kujulikana karibu miaka 40 baada ya mkono kuokotwa, kwa kulinganisha vinasaba na vya jamaa zake. Hapo ni jina tu lililopatikana. Untamed inamaliza kesi ya sasa na kesi za zamani mbili kwa sehemu sita, na nimeshindwa kuichukia kwa hilo maana runinga ni runinga. Ila ingekuwa na ujasiri mkubwa zaidi kama ingetuachia jalada moja wazi, likikaa kwenye kabati la chuma na kurithiwa.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wamelipita wakiwa wamelikaribia mno. Vasquez, yule askari mgeni, anafika akidhani ametoroka uhalifu wa jiji. Sasa, bonde la Yosemite lina urefu wa kilomita 11 hivi na upana wa kilomita moja na nusu, na ndimo wanamojazana wengi wa wageni wapatao milioni nne kwa mwaka. Askari wa pale anashinda na wizi wa kambini, madereva walevi, waume wanaopiga wake zao kwenye mahema, watoto waliopotezana na wazazi foleni ya basi. Hapo ni mjini, ila kuta zake ni za mawe na zimeenda juu mita 900. Vasquez angeweza kuwa mtu wa kwanza kuligundua hilo kwa macho yake ya kipolisi. Badala yake wanamfanya mwanafunzi wa kupanda farasi, awe anauliza maswali ili Turner apate kujibu.

Upolisi wenyewe una historia ambayo ingetosha msimu mzima. Kabla ya miaka ya 1970 askari wa hifadhi alikuwa mwelekezaji zaidi kuliko polisi. Kisha ikaja jioni ya tarehe 4 Julai 1970, uwanja wa Stoneman Meadow, vijana wamejaa, muziki na moshi, amri imetoka kwamba waondoke. Askari wakaingia na farasi. Mawe na chupa vikaruka, farasi wakarudi nyuma, na kabla ya kutulia zaidi ya watu mia moja walikuwa wamekamatwa kwa msaada wa polisi kutoka nje, nchi nzima ikikodoa macho. Baada ya aibu hiyo idara ikaanza kuwafundisha askari wake kazi ya polisi kwa dhati, na mwaka 1976 sheria ikawapa waziwazi mamlaka ya kubeba silaha na kukamata. Kwa hiyo Turner juu ya farasi wake, bastola kiunoni, ni mjukuu wa siku ile. Tamthilia inamwonyesha kama mtu wa kale aliyebaki. Kwa kweli ni zao la juzi.

Niseme kidogo kuhusu dawa za kulevya, maana ndizo zilizonipotezea hamu katikati. Kwenye Untamed kuna genge linalojificha kwenye mgodi uliotelekezwa ndani ya hifadhi, lina walinzi wenye bunduki na taa nyekundu za kutisha. Ni mgodi wa kila filamu. Sasa linganisha na tukio la kweli: Desemba 1976, ndege ya injini mbili iliyosheheni bangi ilianguka kwenye ziwa dogo la Lower Merced Pass, humohumo Yosemite, ikaua waliokuwamo. Wenye mamlaka walitoa sehemu ya mzigo, kisha theluji na barafu vikawashinda wakaahirisha hadi majira yabadilike. Habari zikafika Camp 4, kambi ya wapandaji miamba, vijana wasio na senti mfukoni. Wakaanza kupanda usiku, kilomita nyingi kwenye theluji, na misumeno na mashoka, wakatoboa barafu na kuvua marobota ya bangi iliyolowa mafuta ya ndege. Waliobahatika walirudi na mzigo mgongoni ambao uliwanunulia magari na vifaa vipya. Askari walipokuja kuwafurusha, sehemu kubwa ilikuwa imekwenda.

Weka hadithi hiyo kando ya mgodi. Kwenye mgodi kuna wabaya, na wabaya wametoka nje. Ziwani kuna watu unaowapenda, wanaofahamiana na askari kwa majina, wanaoshirikiana nao kuokoa watu wakati wa ajali, na sasa wanakwenda kinyume na sheria kwa sababu barafu imewawekea hazina. Hadithi hiyo isingewezekana popote ila kwenye hifadhi. Hata bangi ya miaka ya karibuni ina sura yake: mashamba ya siri yaliyofichwa kwenye miteremko ya misitu ya umma ya California, ikiwemo hifadhi ya Sequoia, mabomba yakivuta maji ya vijito na sumu kali ya wadudu ikimwagwa hadi wanyama wanakufa. Huko kachero anafuata bomba la plastiki kwenye majani hadi linapoishia. Ningelipa kuona sehemu nzima ya mtu anayefuata bomba.

Ninalolilalamikia hasa ni kibali.

Yeyote anayetaka kulala kwenye nyika ya Yosemite, mwezi wowote wa mwaka, lazima awe na kibali. Kila njia ya kuingilia ina idadi yake ya watu kwa siku, ikijaa imejaa. Unafika dirishani, karani anaanza: mko wangapi, kiongozi nani, mnaingilia njia ipi, usiku wa kwanza mtalala wapi, mnatoka lini na mtatokea wapi. Mna kopo la chakula, lile gumu ambalo dubu hawezi kulipasua? Hata Half Dome, lile jabali la nusu kuba lenye kamba za chuma zilizofungwa tangu 1919, ukitaka kupanda kwa kamba hizo msimu wa kiangazi unahitaji kibali, na wanaopewa ni watu wapatao 300 kwa siku. Malango ya magari ni matano tu. Barabara ya Tioga, inayovuka milima kwa kimo cha zaidi ya mita 3,000, hufungwa kwa theluji kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Mei au Juni.

Hebu liangalie hilo kwa jicho la mtunzi wa hadithi za mauaji. Una chumba kilichofungwa, chenye milango mitano, mmoja umezibwa na theluji. Una orodha ya waliomo, majina, siku na njia. Una magari yaliyoegeshwa pale njia zinapoanzia, kila moja likisubiri mwenyewe. Na una mtu mmoja ambaye karatasi yake inasema ameingilia mashariki na gari lake limekutwa magharibi. Hakuna damu wala nyayo, kuna karatasi mbili tu zisizoelewana, na kachero ameketi kwenye meza ya karani chini ya taa ya mwanga mweupe, nje giza la msitu limekuja hadi dirishani. Mimi hapo ningetetemeka kuliko mgodini.

Waandishi wa Untamed wamekataa chumba hicho kwa sababu wanataka Turner awe mtu wa porini, na mtu wa porini hawezi kuonekana anapekua mafaili. Wamemlundikia kila kilichozoeleka: mtoto aliyekufa ambaye bado anazungumza naye, chupa, ndoa iliyovunjika, simu za usiku kwa mke wa zamani, kibanda chenye maboksi yasiyofunguliwa. Eric Bana anafanya kazi kubwa kwa kufanya kidogo. Kuna nyakati uso wake unabeba onyesho zima huku maneno yakimwangusha. Lakini huzuni ya Turner inameza huzuni ya marehemu. Lucy, binti aliyeanguka, tunamjua kwa vipande, na kila kipande kinatumika kumfungulia Turner kidonda chake mwenyewe. Ni ugonjwa wa hadithi hizi zote: mwanamke anakufa ili mwanamume apate kulia.

Pamoja na hayo, jibu la fumbo lilinishangaza kwa namna nyingine. Bila kumtaja mtu: kosa halitoki porini. Linatoka kwenye nyumba, kwenye malezi, kwenye siri ambayo watu wenye vyeo na heshima waliamua kuifukia, na waliifukia kwa sababu walikuwa na uwezo wa kuamua nani aandikwe wapi. Mlima haukumuua Lucy. Mlima ulikuwa pale tu. Kwa dakika chache za mwisho tamthilia inalikiri jambo ambalo imelikwepa kwa saa tano, kwamba mahali hapa pana wakubwa na wadogo, wenye funguo na wasio na funguo. Kisha inakimbilia kutuonyesha machweo.

Hifadhi za Marekani zinaposemwa hazina wenyewe, kuna watu wa kuulizwa kwanza. Mwaka 1851 kikosi cha wanamgambo kilichoitwa Mariposa Battalion kiliingia kwenye bonde hili kuwafukuza wenyeji wake, Waahwahneechee, na kiongozi wao Tenaya. Kilichoma makazi na akiba zao za chakula, na mmoja wa wanakikosi ndiye aliyependekeza bonde liitwe Yosemite. Mwaka 1864 Abraham Lincoln alisaini sheria ya kulikabidhi kwa California ili litunzwe kwa ajili ya umma, na mwaka 1890 ikatangazwa hifadhi ya taifa kulizunguka. Wenyeji waliobaki au kurudi waliruhusiwa kuishi bondeni ikiwa tu ni waajiriwa, na nyumba za kijiji chao cha mwisho zilichomwa mwaka 1969. Mwenyeji wa mwisho aliondoka 1996. Kwa hiyo upweke ule unaopendwa na kamera, ukimya wa bonde asubuhi, ni ukimya uliotengenezwa.

Untamed ina mhusika mmoja Mwenyeji, Jay, anayeijua ardhi na kumpa Turner maneno ya busara kwa kiasi cha kijiko. Nilisubiri apewe jambo la kutaka. Hakupewa. Mtu ambaye ukoo wake ulitolewa kwenye bonde hilo, akifanya kazi na idara iliyowatoa, akiitwa kusaidia kutafuta aliyeua: hapo peke yake palikuwa na tamthilia ya sehemu sita.

Jambo la pembeni, maana siwezi kuliacha. Yellowstone, hifadhi nyingine, imepita kidogo kutoka Wyoming na kuingia Montana na Idaho, lakini kisheria yote iko chini ya mahakama moja ya shirikisho, ya Wyoming. Mwaka 2005 profesa wa sheria Brian Kalt aliandika makala akionyesha shimo lililomo. Katiba inampa mtuhumiwa haki ya kuhukumiwa na juri, yaani jopo la raia wa kawaida wanaoamua kama ana hatia, inayotoka kwenye jimbo na wilaya ya mahakama ambako kosa limetendeka. Ukitenda kosa kwenye kipande cha Idaho, juri lazima itoke mahali palipo Idaho na wakati huohuo palipo ndani ya wilaya ya mahakama ya Wyoming. Mahali hapo ni kile kipande chenyewe, kilomita za mraba 130 hivi, na hakuna anayeishi humo. Profesa aliwaomba wabunge walizibe kabla mtu hajalijaribu. Angalia hofu hiyo ilipotoka: si kwenye dubu, si kwenye korongo. Imetoka kwa mtu aliyechora mstari kwenye ramani bila kuhesabu wakazi.

Kitu kingine nitakigusa tu. Sehemu kubwa ya Untamed ilirekodiwa British Columbia, Kanada. Haina ubaya, wote wanafanya hivyo, na kupata ruhusa ya kuleta malori ya filamu kwenye bonde lenye msongamano ule si jambo dogo. Ila inaonekana. Mara kwa mara tunapewa El Capitan kwa mbali, picha safi ya angani, kisha tunakatwa kwenda kwenye msitu wenye unyevu na ukungu ambao si wa Sierra Nevada, safu ya milima ilimo Yosemite. Granite ya Yosemite inang'aa kama mfupa wakati wa mchana, inachoma macho. Kwenye tamthilia kila kitu ni cha kijani kilichoiva na buluu ya baridi, rangi za huzuni. Wamechagua hali ya hewa ya moyo wa Turner, wakaipaka juu ya mlima.

Netflix ilitangaza msimu wa pili Julai hiyohiyo. Mwezi huohuo chama cha watetezi wa hifadhi, NPCA, kilisema idara imepoteza karibu robo ya watumishi wake wa kudumu tangu mwaka uanze. Sijui kama waandishi wamelisoma hilo, lakini wamepewa bure kitu ambacho hadithi za upelelezi hukitafuta kwa taabu, yaani sababu ya kweli ya kosa kutogundulika. Msimu wa kwanza Turner ana wenzake wa kumchukia, mkuu wa kumlinda, helikopta ya kumfuata. Mpeni sasa hifadhi yenye nusu ya zamu. Mtu hakurudi siku aliyoandika kwamba atatoka, na karatasi yake iko kwenye trei na nyingine arobaini, chini ya dirisha ambalo tangu Februari halina karani.